Kila Pango Lina Mwenyewe

Kila Ijumaa, katika misikiti yetu ya Pumwani na Eastleigh kama ilivyo huko Lamu, Mombasa na Malindi, wako watu wanaoisoma Suratul Kahf, yaani Sura ya Pango. Kisa cha wale vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa, na mbwa wao kizingitini, tumekijua tangu chuoni. Lakini ukituuliza wangapi miongoni mwetu tumewahi kutia mguu ndani ya pango, wengi tutainamisha vichwa. Mimi nami nilikuwa katika hao mpaka majuzi, nilipopelekwa pangoni na wageni wawili waliotoka mbali, nami nikiwa mwenyeji wa nchi hii. Yaliyotukuta huko ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo.

Wageni wenyewe walikuwa mke na mume, vijana wa Kizungu, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Walikuwa wamepanga chumba Buruburu, na asubuhi wakipenda kuja kwetu Majengo kula mahamri na mbaazi. Hapo barazani ndipo walipokutana na kijana mmoja wa jirani yangu, mtoto mwenye adabu, aliyemaliza shule na asiye na kazi. Wakamwambia kuwa wametamani sana kuyaona mapango ya Mlima Suswa. Kijana akajibu papo hapo kuwa anayajua vizuri na kwamba yeye ndiye atakayewaongoza. Bei ikakatwa, na nusu ya fedha akapewa mkononi.

Siku ya pili akanijia, miguuni viatu vya mtumba kutoka Gikomba na mkononi tochi mpya. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza:

"Mwanangu, wewe Suswa ulikwenda lini?"

"Bado sijafika, ami. Lakini nimeyatazama yote katika simu."

"Na kule ndani?"

"Ami, pango ni pango tu. Nina tochi, nina viatu. Nitapotea vipi?"

Sikumlaumu kwa kutafuta riziki. Vijana wa mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Majengo na Kaloleni mpaka Umoja na Dandora, wana akili nyingi na milango michache. Lakini nilimwambia wazi kuwa watu wale wamemkabidhi roho zao, na roho ni amana. Nikampa sharti: awaambie wageni ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, yeye awe mkalimani tu, na kiongozi apatikane huko huko mlimani kwa fedha zitakazotoka katika ujira wake. Alinuna, kwa kuwa nusu ile alikwisha kuila viatu. Hata hivyo alikwenda akasema. Wageni walinyamaza kidogo, kisha wakakubali, ila wakaomba nami nifuatane nao.

Suswa ni mlima wa volkeno katika Bonde la Ufa, kiasi cha kilomita 50 kaskazini-magharibi ya Nairobi kwa mruko wa ndege, na kilele chake ni mita 2,356 juu ya usawa wa bahari. Tuliteremka kwa matatu njia ya Maai Mahiu, kisha tukapanda kwa pikipiki katika vumbi lisilo na huruma. Nchi ile ni ya Wamaasai. Maji huko ni ya taabu, na wenyeji wameivumbua njia yao: mvuke unaofuka ardhini huupitisha katika mabomba hadi upoe, ukawa maji ya kunywa. Tangu hapo nilijua kuwa tumefika kwa watu wenye elimu yao.

Kiongozi wetu alikuwa Mmaasai wa makamo, mpole wa maneno. Kabla ya kuingia alitupanga mstari, akatukataza kupiga kelele na kugusa popo, akatuambia kuwa hakuna kumtangulia. Kisha akatueleza jinsi mapango yale yalivyofanyika. Zamani mlima ulitapika mawe yaliyoyeyuka, yakatiririka kama mto wa uji wa moto. Juu pakapoa na kuganda, lakini chini uji ukaendelea kwenda hadi ukaisha, na njia yake ikabaki tupu kama bomba. Wachunguzi walianza kuyachorea ramani mapango hayo miaka ya 1960, lakini huyu hakuhitaji ramani. Alituonyesha mahali dari ilipoporomoka na kuacha tundu la mwanga. Alituonyesha pia ukumbi ambao nyani hulala usiku, watu wakauita bunge la nyani, na miamba yake imelainika kwa kukaliwa miaka na miaka.

Tukafika mahali pa njia panda. Kijana wetu, akitaka kuwaonyesha wageni kuwa naye si haba, akachapua miguu kushika mkono wa kushoto. Yule Mmaasai hakupiga ukelele. Alinyosha mkono tu, akamkamata upindo wa shati, akamrudisha nyuma. Kisha akaokota jiwe akalitupa mbele, pale ambapo tochi yetu ilionyesha kivuli tu. Jiwe lilikwenda kimya, halafu tukalisikia likigonga chini, mbali. Kumbe pale sakafu ilikuwa imekatika, na chini yake kuna pango jingine. Mgeni mwanamke alimshika mumewe mkono. Kijana hakusema neno mpaka tulipotoka nje kwenye jua, akaketi juu ya jiwe akavua kofia.

Wasomaji wangu, najiuliza mpaka leo ingekuwaje lau ningenyamaza pale barazani. Na hatari si shimo peke yake. Katika pango la Kitum, huko Mlima Elgon, watu wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg wakafa. Mwaka 2008 mtalii mmoja wa Uholanzi naye alikufa kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia katika pango la popo nchini Uganda. Sisemi kuwa Suswa kuna maradhi hayo. Nasema kuwa asiyelijua pango hajui lipi la kugusa na lipi la kuepuka, na kutazama picha katika simu hakumfanyi mtu kuwa mjuzi.

Wako watakaosema, kwa nini sisi wa mjini tumtegemee mchungaji wa ng'ombe, tena asiye wa dini yetu? Hao nawarudisha kwenye sira. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, yeye na Sayyidna Abubakar walijificha siku tatu katika pango la Thaur. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kumwajiri kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraiqit, mtu wa Banu Dil aliyesifika kwa kuzijua njia za jangwani. Mtu huyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Juu ya hayo walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, naye akawafikia kwenye pango kwa miadi kama alivyoagana nao. Ikiwa kiumbe bora alimwajiri mjuzi wa njia na kumlipa, sisi ni nani hata tuone haya?

Nanyi ndugu zangu wa pwani msidhani kuwa jambo hili ni la bara tu. Mapango ya Shimoni, ambayo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo, yanatunzwa na watu wa kijiji, na wao ndio wanaowaongoza wageni. Katika vilima vya Kilifi kuna Panga ya Saidi, pango ambalo Wamijikenda wamelitukuza tangu zamani. Mwezi Mei 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nchi za nje walitangaza kuwa humo limepatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa kiasi cha miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na dalili zaonyesha kuwa mwili wake ulivikwa kitu kabla ya kufukiwa. Mwenye kuzika mtoto wake atafahamu huruma iliyomo humo bila kuelezwa. Je, wazee wa pale wasingelitunza pango lao, tungeyajua haya?

Kwa hivyo nina maneno matatu. Kwanza, ujira wa mwenyeji wa pango utolewe mbele, si makombo yanayobaki baada ya madalali wa mjini kushiba. Pili, vijana wetu wanaopenda kazi hii wasikatazwe, bali wapelekwe kwa wenye ujuzi wakae chini yao na kujifunza, kama mtoto wa fundi anavyoanza kwa kubeba zana. Tatu, walimu wa shule na wa madrasa za mitaa hii wawapeleke watoto, japo mara moja kwa mwaka, waione nchi yao. Ni aibu mtoto wa Majengo kusikia habari za Suswa kutoka kwa mtu aliyevuka bahari kuja kuiona. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; safari hii mgeni amekuja, na aliyepona ni sisi.

Kijana yule aliwarudishia wageni sehemu ya fedha zao bila kuombwa. Tangu siku hiyo amekwisha kurudi Suswa mara tatu kwa nauli yake, akimfuata yule Mmaasai nyuma na kumshikia kamba. Juzi nilimwuliza kama sasa anayajua mapango.

"Bado, ami," alinijibu. "Lakini sasa najua nisipopajua."

Kwangu mimi, hapo ndipo alipoanza kuwa kiongozi.