Bwana wa Mbwa

Iko nyumba ambamo baba hushika fimbo kila siku, na mbwa wake humwogopa kama simba. Lakini baba akitoka tu, mbwa huingia jikoni, hutia mdomo chunguni, kisha huwafukuza kuku mpaka shambani. Mbwa huyo hana bwana. Ana fimbo tu, na fimbo ikiondoka utawala umekwisha.

Watu wengi husadiki ya kuwa mbwa hushindania ukubwa na mwenyewe, kwa kuwa asili yake ni mbwa-mwitu wa nchi za baridi, ambao yasemekana hupigana hata mmoja awatawale wenziwe. Maneno hayo yalipata nguvu mwaka 1947, Rudolf Schenkel alipoandika habari za mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja huko Uswisi. Lakini desturi za gerezani si desturi za nyumbani. Mwaka 1999 David Mech wa Marekani alieleza ya kuwa mbwa-mwitu walio huru huishi jamaa moja, baba na mama pamoja na watoto wao, na wazazi ndio waongozao. Naye alikuwa ameyaeneza maneno ya kale katika kitabu chake cha mwaka 1970, wala hakuona haya kujisahihisha.

Basi yampasa mwenye mbwa kuongoza kama mzazi. Mtazame mtoto amwitaye mbwa wake. Mbwa akawia njiani, na afikapo apigwa kofi. Mtoto adhani amemfundisha kutii. Kumbe amemfundisha ya kuwa kuja ni kupigwa, maana mbwa hafungamanishi kofi na kukawia kulikopita, bali na kufika kwake. Kesho ataitwa, naye atakimbia. Afadhali angepewa tonge la ugali papo hapo, akasifiwa.

Kadhalika mbwa arukiaye wageni: ageuziwe mgongo, asitazamwe wala asikemewe, mpaka miguu yote minne iwe chini, ndipo apapaswe. Na wakati wa chakula akae kwanza, kisha sahani iwekwe. Kumtupia mnofu watu walapo, kisha kumpiga kwa kuombaomba, ni dhuluma.

Wako wasemao ya kuwa mbwa asiyepigwa hawezi kulinda nyumba. Si kweli. Mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma, wala hachagui mwivi. Huenda akamwuma mtoto wa jirani.

Kazi hii yataka dakika chache asubuhi na jioni, kwa siku nyingi, na mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya. Walio wagumu kufundishwa ni watu wa nyumbani: baba asema "keti," mama asema "kaa," na kaka apiga mluzi tu, kisha wote watatu hustaajabu kumwona mbwa amesimama.