Chumba cha muziki Garissa: Anza na mkeka, si spika

Mtu akipata pesa kidogo na akiwa mpenzi wa muziki, ushauri wa kwanza atakaopewa na marafiki ni kununua spika kubwa. Wa pili ni kutafuta amplifaya yenye nguvu zaidi. Hakuna atakayemwuliza kuta za chumba chake zimejengwa kwa nini, wala sakafu imefunikwa na nini. Ukurasa huu wa afya una neno juu ya jambo hilo, kwa sababu atakayelipa gharama mwishowe ni sikio.

Hebu tazama, msomaji, nyumba zinazojengwa siku hizi mjini Garissa. Kuta ni za mawe na plasta laini, sakafu ni ya vigae, madirisha ni vioo vitupu, na ukumbi ni mpana kwa ajili ya wageni. Ni nyumba za fahari. Lakini ingia ukumbini kabla fanicha haijaletwa, kisha upige kofi moja. Utasikia kofi hilo likirukaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama mpira. Sasa weka redio humo. Kila neno la msomaji habari litafuatwa na mwangwi wa neno lililotangulia, nawe, kwa kudhani kwamba redio iko chini, utaipandisha. Mwangwi nao utapanda. Wapo watu waliobadilisha spika mara tatu kwa ugonjwa ambao ulikuwa wa ukuta.

Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni Mmarekani, Wallace Clement Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa kutafuta dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara ambao wasikilizaji hawakuweza kufahamu lolote lililosemwa ndani yake. Sauti ilichukua zaidi ya sekunde 5 kufifia. Sabine hakununua chochote. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akawa anaipanga usiku na kupima, mto baada ya mto, mpaka akapata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo. Kwa kanuni hiyo, chumba kitupu cha mita 5 kwa 4, chenye urefu wa mita 3 kwenda juu, kikiwa cha plasta na vigae pekee, huhitaji yapata sekunde 3 kunyamaza. Kikipata mita 20 za mraba za vitu vinavyonyonya sauti vizuri, muda huo hushuka chini ya nusu sekunde. Hicho tayari ni chumba cha kusikilizia.

Watu wa kaskazini mashariki wana sababu zaidi ya wengine ya kujali hayo, maana hapa muziki na maneno havitengani. Shairi la Kisomali hushikiliwa na herufi: kila mstari sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti ileile, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashairi hayo yalisafiri kwa kaseti kutoka mji hadi mji, na tangu Idhaa ya Kisomali ya BBC ianze mwaka 1957 wazee wengi wamezoea kusogeza sikio karibu na redio wasipitwe na neno. Konsonanti ni sauti fupi na hafifu. Irabu ndizo zenye nguvu. Chumbani penye mwangwi, mkia wa irabu huifunika konsonanti inayofuata, na shairi hubaki mvumo mtupu. Mzee ambaye masikio yake yameanza kuchoka huumia zaidi, kwani uzee huanza kwa kuiba sauti nyembamba, zile zile zinazobeba konsonanti. Kabla ya kusema babu amekuwa kiziwi, tazama kwanza ukumbi uliomkalisha.

Jambo la kushangaza ni kwamba mababu zake hawakuwa na shida hii. Aqal, ile nyumba ya wafugaji wa kuhamahama, ni matao ya miti yaliyofunikwa kwa mikeka ya nyuzi na ngozi. Haina ukuta mgumu hata mmoja wala pembe ya kurudisha sauti. Sidai kwamba waliijenga kwa ajili ya muziki. Waliijenga ili ibebeke juu ya ngamia. Lakini ukimsikiliza mtu akighani ndani yake, kila herufi hufika.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi. Mtu akishasikia kwamba chumba kinahitaji vitu laini, hukimbilia magodoro ya sponji, akayakata vipande na kuyabandika ukutani na darini. Wengine hutundika trei za mayai, ambazo hazina faida yoyote ya maana kwa sauti isipokuwa kukaribisha mende na moto. Sponji ya magodoro ikishika moto huwaka kwa kasi ya ajabu na kutoa moshi wenye sumu, ikiwemo gesi ya sianidi. Mnamo Februari 20, 2003, katika klabu ya The Station kwenye jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzuia sauti, na watu 100 wakafa. Januari 27, 2013, mkasa wa namna hiyo ulitokea klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil. Walikufa 242, wengi wao kwa moshi na si kwa miali. Chumba chako hakina fataki, kweli, lakini kina nyaya, soketi zilizojazwa plagi, amplifaya inayopata joto, na pengine jiko la ubani pembeni.

Utaniuliza: je, magodoro ya kukalia sakafuni si sponji vilevile? Ni sponji, naam. Tofauti ni kwamba hayo yamevikwa kitambaa kizito na yamelala chini. Sponji iliyo uchi ukutani huupandisha moto hadi darini kabla hujapata viatu vyako.

Kosa la pili ni kuziba chumba. Watu huona picha za studio za Ulaya zisizo na dirisha, nao hufunga madirisha yao kwa mbao. Garissa, ambako nyuzijoto 35 si habari ya gazeti, chumba kama hicho chenye watu sita na mitambo ya umeme ni tanuri. Umeme ukipotea, kuna anayewasha jenereta kwenye kibaraza, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, huingia kwa mlango wa pekee uliobaki. Jenereta na ikae mbali na nyumba, moshi wake ukielekezwa kusiko na dirisha. Kisha ujue hili: dirisha lililo wazi hunyonya sauti kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani, kwani sauti ikitoka hairudi. Sabine mwenyewe alitumia dirisha wazi kuwa kipimo chake. Mchana, basi, fungua. Usiku fikiria jirani, upunguze.

Unavyohitaji vingi unavyo tayari. Tandika zulia au mikeka kadhaa, mmoja juu ya mwingine, kati yako na spika. Pazia liwe zito, lenye mikunjo mingi, likae umbali wa kiganja kutoka ukutani, si kulibana. Mpe mtoto kioo akitelezeshe kwenye ukuta wa kando huku wewe umeketi mahali pako. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia, na ndipo pa kutundika mkeka mnene au blanketi la sufu. Besi ni mkaidi na haitishwi na zulia. Itoe spika kwenye pembe, isogeze mbele ya ukuta, na pembeni panga mito mikubwa au kabati la nguo. Vitambaa vyote hivi ni hifadhi ya vumbi, na vumbi la huku halihitaji mwaliko, kwa hiyo vitolewe nje juani na kukung'utwa kila wiki. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu itumie mikeka ya kufutika badala ya zulia lenye manyoya.

Siku ya kwanza chumba kitaonekana kimefifia na utashawishika kupandisha. Usipandishe. Mpe sikio siku mbili tatu, litaanza kusikia vitu ambavyo kanda ilikuwa navyo siku zote.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu, hata kufikia desibeli 90 umebakiwa na saa 4 tu za wiki nzima. Kuna vikao vya miraa (suala ambalo leo sitaligusa) vinavyomaliza saa hizo 4 kwa alasiri moja. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuwekewa programu ya kupima kelele. Haipimi kwa usahihi wa hospitali, lakini itakuonyesha kama uko karibu na 75 au 90. Asiye nayo apime kwa mdomo wake: ikiwa inakubidi kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, muziki umezidi. Na ukitoka chumbani masikio yanalia, au maneno ya watu yanasikika kama yamefunikwa na blanketi, zima, upumzishe masikio hadi kesho. Mlio ukiendelea siku ya pili, nenda ukapimwe.