Mbolea i mizizini, walimu wawaonyeshe wanafunzi

Mvua za masika zikaribiapo, gumzo la wakulima wetu huwa moja: bei ya mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 madukani, hata ikabidi Serikali itoe ruzuku. Ruzuku siipingi. Ninaloshangaa ni kuwa katika gumzo hilo ni nadra kumsikia mtu akikitaja kiwanda cha nitrojeni kisichohitaji meli, bandari wala lori. Kiwanda hicho ni bakteria wanaoishi katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, ikiwemo soya. Nawaelekea walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kuwa ujuzi huu umekwama darasani.

Hewa tunayoivuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78. Hata hivyo, mahindi yaliyozungukwa na hewa hiyo hugeuka manjano kwa kuikosa, mithili ya baharia afaye kwa kiu katikati ya maji ya chumvi. Chembe za nitrojeni hewani zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Viwanda huivunja kwa joto kali na shinikizo kubwa, na kwa gesi nyingi. Ndiyo maana bei ya gesi ikipanda ng'ambo, mkulima wa Bungoma huumia. Bakteria wa mizizini huifanya kazi iyo hiyo kimyakimya. Huingia katika vinyweleo vya mzizi, mzizi ukavimba na kufanya kinundu. Mmea huwapa sukari, nao huupa nitrojeni iliyogeuzwa kuwa amonia. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walilithibitisha jambo hili katika chapisho la mwaka 1888, na mwaka uo huo Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza.

Haya yote mwanafunzi wetu huyasoma. Huuchora mzunguko wa nitrojeni kwa mishale, akalikariri jina la Rhizobium, akapata alama zake. Lakini mtie shambani umwambie akuonyeshe kinundu, huenda akakuonyesha uvimbe wa minyoo ya mizizi, au akakiona kinundu chenyewe akadhani ni ugonjwa. Ilhali tofauti ni rahisi: kinundu hubanduka ukikisukuma kwa kidole, bali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa.

Soya ina somo la ziada. Kunde ni mmea wa Afrika, na bakteria wake aghalabu wamo udongoni mwetu. Soya ni mgeni aliyetoka Asia ya Mashariki, na mara nyingi bakteria anaoelewana nao hawamo katika shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Kwa hiyo huna budi kumletea mgeni sahibu yake, yaani kuipaka mbegu unga wenye bakteria kabla ya kupanda. Unga huo hatuhitaji kuuagiza mbali: watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliutengeneza, nao huuzwa humu nchini kwa jina la Biofix. Njia nyingine ni ile ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, iliyoko Ibadan, Nigeria, ambayo ilizalisha aina za soya ziitwazo TGx zinazoweza kuwapokea bakteria wenyeji.

Anayedhani hili ni jambo la vishamba vya majaribio tu na aitazame Brazili. Huko mtafiti Johanna Döbereiner, aliyezaliwa Chekoslovakia mwaka 1924, alishikilia kuwa soya ya nchi hiyo itegemee bakteria badala ya mbolea ya viwandani. Leo Brazili ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha soya, na wakulima wake huikuza karibu bila mbolea ya nitrojeni. Mwaka 2025 mwanasayansi mwingine wa huko, Mariangela Hungria, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi iyo hiyo.

Hata hivyo, sitaki mtu afikiri kuwa nahubiri miujiza. Bakteria hawa ni viumbe hai: waache juani nao watakufa ndani ya pakiti. Wa soya hawaifai mbegu ya maharagwe. Tena udongo usio na fosforasi huwalemaza, hivyo mbolea ya fosfeti ingali na kazi yake. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya nitrojeni huondoka na nafaka. Mkulima anayeing'oa soya pamoja na mizizi na kuyachoma mabua asitarajie kuwa mahindi ya msimu ujao yatapata urithi mkubwa.

Nashauri basi kila shule yenye kipande cha ardhi ipande vitalu vitatu vya soya: cha mbegu tupu, cha mbegu iliyopakwa bakteria, na cha mbegu iliyotiwa mbolea ya nitrojeni. Vyote vitiwe fosfeti sawa. Cha mbegu iliyopakwa kipandwe mwisho, mikono isije ikawahamishia bakteria kule wasikotakiwa. Na pawe na njia pana katikati ili maji ya mvua yasiwachukue. Soya ikitoa maua, wanafunzi wachimbe taratibu, wahesabu vinundu, kisha wavipasue kwa wembe. Kinachofanya kazi huwa chekundu ndani, kwa sababu ya kemikali iliyo ndugu wa ile inayoipa damu yetu rangi. Cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Wakati wa kuvuna, wapime mazao kwa mizani.

Jaribio hili halihitaji maabara wala ufadhili. Linahitaji jembe, wembe, daftari, pakiti moja ya bakteria na mwalimu aliye tayari kuchafua viatu. Mtihani utakuja na kupita, lakini kijana aliyekiona kinundu chekundu kiganjani mwake atarudi nyumbani na neno la kumwambia mzazi wake kabla hajaenda dukani kununua mbolea.