Andika Jibu Kabla ya Kuiuliza Mashine

Mtu wa Marangu akiona maji hayafiki shambani hupanda mlima akifuata mfongo mpaka apate mahali ulipobomoka. Lakini akielekezwa vibaya, atachimba kutwa mahali pazima, na migomba yake itazidi kukauka.

Sisi wa chama cha kompyuta tumeonja jambo hilo. Muhula huu tumejifunza kutumia asembla, yaani programu inayogeuza maagizo tunayoandika kuwa namba zinazofahamika na mashine. Tukiiomba, asembla hutengeneza pia jedwali la mistari, mara nyingi kwa mtindo uitwao DWARF. Jedwali hilo hueleza kila agizo la mashine limetoka mstari gani wa maandishi yetu. Programu ikikwama, ndilo linalotuonyesha pa kutazama. Likikosea, tutasahihisha mstari usio na kosa.

Basi tulipewa kazi ya kulijaribu. Tuliandika faili ya mistari 10 yenye maagizo matatu tu. Mistari mingine ilikuwa maelezo au mitupu, nayo haistahili kuingia katika jedwali. Mwenzangu mmoja aliendesha asembla kwanza, akanakili ilichotoa, akaandika juu yake "Jibu Sahihi". Mimi nilihesabu kwa kidole nikaandika 3, 6, 9. Mashine ikatoa 3, 6, 10. Wenzangu walinicheka sana, kwani nilikuwa nimeruka mstari mmoja mtupu.

Hata hivyo nasema njia yangu ndiyo iliyo bora. Jaribio langu lilifichua kosa, ingawa lilikuwa langu mwenyewe. La mwenzangu lisingefichua chochote: asembla ingetoa 3, 6, 7, naye angenakili hivyo hivyo na kuridhika.

Wako watakaosema kwamba hata mafundi wa LLVM wana programu ya kujaza majibu ya majaribio kutokana na yale yaliyotolewa na asembla yenyewe. Ni kweli, nayo huwapunguzia kazi. Lakini humfaa yule tu anayeyasoma majibu hayo moja moja, akijua yalivyopasa kuwa.

Wazazi na walimu wetu, mkituona tumeshika kalamu na karatasi kabla ya kuwasha kompyuta, msidhani tunapoteza wakati. Nasi wanafunzi tuache desturi ya kutazama majibu nyuma ya kitabu kabla ya kufanya hesabu.