Kasi ya Toleo Jipya Ipimwe kwa Kazi ya Mteja

MIZANI YA TEKNOLOJIA
Na Hamadi Makame

Madai kwamba toleo jipya la lugha ya programu lina kasi kuliko lililotangulia hayafai kukubaliwa wala kukataliwa kabla ya kujulikana ni kazi gani iliyopimwa, na PL/SQL, lugha ya kampuni ya Oracle ya kuandikia programu zinazoendeshwa ndani ya kanzidata yenyewe, ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Toleo la 10g, lililotangazwa mwaka 2003, lilileta kompaila mpya, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa maagizo ya kutekelezwa, yenye uwezo wa kuyapanga upya maagizo hayo ili kazi iishe mapema bila jibu kubadilika.

Chukuliwe kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa tena na tena, kinachosoma mistari 10,000 ya jedwali la ankara. Zamani kila mzunguko ulichota mstari mmoja. Katika 10g, kompaila ikiwa katika kiwango chake cha kawaida cha kupanga upya maagizo, ambacho ni 2, mistari 100 huchotwa kwa mkupuo, hivyo safari za kwenda kuchota hupungua kutoka 10,000 hadi takriban 100. Faida hiyo ni ya kweli na inastahili sifa, ila mwanaprogramu aliyekwisha kuandika uchotaji wa mikupuo kwa mkono wake haipati, kwa kuwa alikuwa nayo tangu awali.

Hatari kubwa zaidi imo katika kipimo chenyewe. Kitanzi kinachorudia hesabu isiyobadilika mara milioni moja kinaweza kuondolewa hesabu hiyo na kompaila, ikafanywa mara moja tu nje ya kitanzi, na saa ikaonyesha kasi ya ajabu ya kazi ambayo haikufanyika. Mpimaji makini hutumia programu halisi za ofisi yake, mashine ile ile na data ile ile, huacha mzunguko wa kwanza ambao data yake bado inatoka kwenye diski, kisha hushusha kiwango cha kompaila hadi 0 ili aone ni sehemu gani ya kasi inayotokana nayo.

La kusikitisha ni kwamba matokeo ya vipimo kama hivyo hayatangazwi kwa uhuru. Baada ya David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kuchapisha vipimo vyao vya kasi ya kanzidata mwaka 1983, leseni ya Oracle iliwekewa sharti la kuomba idhini kabla ya kutangaza vipimo, sharti linalomdhulumu mnunuzi na linalostahili kufutwa, kwani kila ofisi hulazimika kupima upya yale ambayo jirani yake amekwisha kuyapima.