Waacheni Wafiwa na Zilipendwa Zao

Miaka michache iliyopita tulimzika dereva mstaafu wa malori hapa Dumila, mshiriki mwaminifu wa Meza ya Bwana. Watoto wake walinijia na ombi moja: kabla jeneza halijatoka nyumbani, upigwe wimbo "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, kwa kuwa baba yao aliusikiliza garini miaka yote ya safari zake za Dodoma. Nilikataa. Nikasema muziki wa dunia haupigwi mbele ya jeneza la Mkristo. Mjane alinitazama akajibu, "Sawa, Baba Mchungaji." Kwaya ikaimba wimbo wa ushindi, kinanda na spika kubwa mbili, na mama yule hakutoa chozi. Baadaye bintiye alinieleza kwamba usiku ule, wageni walipokwisha kulala, mama aliuweka wimbo kwenye simu yake akalia mpaka alfajiri.

Nilikosea, na wengi wetu tunaendelea kukosea vivyo hivyo. Tumewafundisha washarika kwamba zilipendwa ni mali ya shetani, na anayezipenda hajaokoka vizuri. Fundisho hilo tumeliokota njiani. Halikutoka katika Biblia, wala Walutheri hatukurithishwa.

Watu wa Morogoro ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kulikubali. Mji wetu ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba papo hapo. Mbaraka alilea gitaa lake ndani ya Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafikisha miaka 35. Leo pita stendi ya Dumila jioni, pale wauza nyanya na vitunguu wanapokimbilia madirisha ya mabasi. Utamsikia kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akiimba pamoja na redio, neno kwa neno, wimbo wa mtu aliyekufa kabla baba yake hajaoa. Jina lenyewe linatudanganya, maana "zilipendwa" ni wakati uliopita, na nyimbo hizi zinapendwa sasa hivi.

Kwa nini zinadumu? Wajuzi watasema gitaa, na mimi pia gitaa lile hunisimamisha barabarani. Lakini nadhani sababu kubwa ni kwamba zinaiita shida shida. Mwimbaji amefiwa, ameachwa, hana kazi, naye anasema hivyo bila haraka ya kujifariji. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi, na yule wa utukufu huliita baya jema. Sasa sikilizeni nyimbo nyingi tunazopiga ibadani siku hizi. Adui ameshindwa, milango imefunguka, mwaka huu ni wangu. Mafuriko ya Januari 2014 yalipokata barabara na kuacha familia za Dumila na Magole bila nyumba, mtu aliyepoteza godoro, mahindi na mbuzi angeimba lipi kati ya hayo?

Biblia haikumwacha mtu huyo bila wimbo. Ina kitabu kizima cha Maombolezo. Ina Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila pambio la furaha mwishoni. Sisi tumeiruka. Watu wanapokosa kilio kanisani watakifuata redioni, kisha tunawakemea kwa kukipata huko.

Najua jibu: "Mchungaji, nyimbo hizo zilizaliwa kwenye dansi na pombe." Ni kweli. Basi tuufute na wimbo wa Ijumaa Kuu, ule wa kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha, maana tuni yake ilitungwa na Hans Leo Hassler mwaka 1601 kwa wimbo wa mapenzi. Tumfute na Thomas Dorsey wa Marekani, aliyempigia Ma Rainey piano kwenye nyimbo za bluzi. Mwaka 1932 mkewe alikufa katika uzazi, na mtoto akafuata. Kutoka katika msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord". Aretha Franklin, binti wa mchungaji, alijulikana dunia nzima kwa nyimbo za mapenzi. Mwaka 1972 alirekodi "Amazing Grace" katika kanisa moja la Los Angeles, na baba yake akasimama mbele ya watu kusema kwamba binti huyo hakuwahi kuliacha Kanisa. Laiti ningekuwa na nusu ya busara ya mzee yule siku ya msiba wetu.

Sisemi kila wimbo wa zamani ni mtakatifu. Zipo zilipendwa zinazomdhalilisha mwanamke, na hizo sitazitetea hata zikipigwa na malaika. Wala siombi "Shida" iingie katika liturjia. Ninachopinga ni mchungaji au mzee wa kanisa kusimama mlangoni mwa wafiwa na kukagua machozi yao.

Mwaka jana nilikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Aliniwekea kiti kivulini, akaniletea chai na mihogo, akasema yamekwisha. Kisha akaniuliza kama ningependa kuusikia wimbo wenyewe. Tuliusikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.