Kabimba: Kadi za meli zichorwe zikiwa bado hai

Simenti ya Kabimba inasafiri kwa maji. Meli ikikwama gatini, mifuko inangoja, wabebaji wanangoja, na mwenye kujenga nyumba kwenye pwani ingine ya ziwa anangoja pia. Tumezoea kusema imekwama kwa sababu ya mazutu, upepo ao motere. Lakini kuna sababu ingine isiyotoa moshi wala kelele: kadi ya elektroniki, kipande cha ukubwa wa kiganja, imekufa, na kiwanda kilichokuwa kinaitengeneza kiliacha zamani.

Hapo mwenye meli anaanza kuandikia Ulaya. Anajibiwa kwamba kadi hiyo haiko tena, anunue mtambo mzima. Mtambo mpya unataka nyaya mpya na fundi wa kutoka mbali. Na pengine kilichoungua ndani ya ile kadi ya zamani ni kondensa moja ya bei ya andazi.

Maoni yangu ni haya: kadi za meli zetu zichorwe leo, zikiwa bado zinafanya kazi, na michoro iwekwe mahali ambapo fundi yeyote wa bandari anaweza kuifikia.

Kuchora kadi si uchawi. Unaitoa, unaisafisha kwa alkoli na brashi, unapiga picha pande zote mbili. Kisha unachukua multimeta, unaiweka pale inapolia ukigusa ncha mbili zilizoungana, na unafuata njia moja baada ya ingine: kutoka mguu huu wa chipu mpaka rezista ile, kutoka pale mpaka kwenye plagi. Unaandika. Kadi ndogo ni kazi ya siku mbili tatu, kubwa ni majuma. Yenye tabaka za ndani, ambako macho hayafiki, inataka subira zaidi. Baadaye mchoro unaingizwa kwenye kompyuta. KiCad, programu iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, ni ya bure na inapatikana kwa Kifaransa. Mchoro ukikamilika, viwanda vya Shenzhen, China, vinakubali kuchapa hata kadi tano tu, kwa dola chache. Kinachouma ni nauli ya kuzifikisha Kalemie.

Na chipu zenyewe? Kadi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa kwa chipu za kawaida. Ile ya 741, iliyotoka mwaka 1968, na ile ya 555, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, zinatengenezwa mpaka leo. Kinachokufa kwanza ni kondensa zinazokauka kwa joto la chumba cha motere, na risasi ya kuchomelea inayopasuka kwa mtetemeko. Shida ya kweli ni chipu za kumbukumbu. Zile zenye kidirisha cha kioo, kilichofunikwa kwa kibandiko, hufutika jua likizipiga siku nyingi, na hata gizani chaji iliyo ndani inavuja polepole kwa miaka. Programu ikishapotea, hakuna multimeta ya kuirudisha. Ndiyo maana nasisitiza zikiwa hai: chipu ya namna hiyo inasomwa kwa kifaa kidogo na nakala inahifadhiwa, mradi bado kuna kitu cha kusoma.

Ziwa letu lina mfano wake. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande, ikateremshwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini mafundi walikwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waliweza kwa sababu chuma kinasomeka kwa macho: bomba linaonyesha linakoenda, pistoni iliyolika unaipima. Kadi haiko hivyo. Isipochorwa, inakufa na siri yake.

Kuna watakaosema huu ni wizi. Sikubali. Hati ya uvumbuzi kwa kawaida hulinda miaka 20, na kadi ya mwaka 1985 imeshapita huko. Marekani yenyewe, katika sheria yake ya mwaka 1984 ya kulinda chipu, iliruhusu waziwazi kuichunguza chipu ya mwingine ili kuielewa. Mwaka 2021 ikaruhusu pia kuvunja kufuli za programu ili kutengeneza vyombo vya majini. Kweli, programu iliyo ndani ya kadi inalindwa na haki ya mtunzi kwa muda mrefu zaidi. Lakini kuweka nakala ya chombo chako ili kisife si sawa na kufungua duka la kuiuza.

Hoja yenye uzito ni usalama. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama kwenye Tanganyika hii hii na kuua watu zaidi ya 100, na hakuna anayetaka kuliongezea ziwa sababu ingine ya kuua. Kwa hiyo kadi ya alamu ya moto, ya pampu za kutoa maji ao ya redio ya kuomba msaada isirudi melini kwa neno la fundi peke yake. Ijaribiwe mezani, mkaguzi atie sahihi. Kwa redio, afadhali kununua mpya.

Tena kuna tabia yetu ya kufichana. Fundi akishaijua kadi moja, anakwangua jina la chipu ili mwenzake asijue. (Viwanda vikubwa vinafanya vilevile, tusijilaumu peke yetu.) Namwelewa: siri ile ndiyo chakula cha watoto wake. Basi alipwe kwa mchoro. Wenye meli na wenye simenti wachangie, kwani kila siku ya meli kulala gatini ni hasara yao. SNCC, yenye bandari ya Kalemie, itoe kabati na kompyuta moja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie na wa INPP wapewe kadi zilizokufa wajifunzie, badala ya kuzitupa.

Waanze na kadi inayosimamia volti ya alternata. Ya zamani kwa kawaida haina programu ndani, sehemu zake zinahesabika, na bila yake meli haina umeme wa kuaminika.